Tepu imejaa, lakini imejaa nini?

Simu iliita saa tisa kasorobo usiku. Kijana wa zamu alikuwa na maneno matatu tu: "Kaka, imejaa tena."

Sikuhitaji kuuliza ni nini kilichojaa. Kazi ya kuchukua nakala rudufu za seva zote ilikuwa imeanza saa nne usiku kama kawaida, ikiwa na terabaiti 4.1 za kuandika. Ndani ya draivu, yaani mashine inayoandika kwenye tepu, kulikuwa na katriji mpya ya LTO-6 (LTO ni aina ya tepu za kuhifadhia data, na 6 ni kizazi chake), na ubavuni mwake zimechapwa namba mbili: terabaiti 2.5 na terabaiti 6.25. Kwa hesabu ya namba ya pili, kazi ile ilipaswa kuisha na nafasi ikabaki tele. Lakini programu ilikuwa imesimama inasubiri katriji nyingine, na kwenye skrini ilionyesha kwamba imeandika 2.27 tu.

Huo ulikuwa usiku wa tano ndani ya wiki mbili. Tulishabadilisha kebo. Tulishapitisha katriji ya kusafishia mara tatu bila draivu kuomba, jambo ambalo simshauri mtu, kwa sababu utepe wa kusafishia hukwangua kichwa cha draivu kila unapopita. Tulishaandika hata barua ya kuomba draivu nyingine, na kiini chake kilikuwa sentensi moja: draivu haibani data, yaani haiifupishi ichukue nafasi ndogo. Nashukuru barua ile ilikuwa bado mezani kwangu, maana sentensi hiyo haikuwa kweli.

Malalamiko ya "draivu haibani" nimeyasikia miaka yote niliyofanya kazi hii, na mara nyingi anayelalamika hajapima chochote. Ameangalia namba iliyochapwa kwenye katriji, ameangalia tepu imeishia wapi, basi ameshatoa hukumu. Tuanze na hiyo namba, kwa sababu ndiyo inayowapoteza watu.

LTO ya kwanza ilitoka mwaka 2000. Katriji yake ilibeba gigabaiti 100, lakini kwenye boksi iliandikwa pia 200. Hiyo 200 haikutokana na utepe. Ilitokana na kudhani kwamba data ya mteja itabanika kwa uwiano wa mbili kwa moja. Dhana hiyo ikaendelea hadi LTO-5, ambayo hubeba terabaiti 1.5 na boksi likasema 3. Ilipofika LTO-6 mwaka 2012, watengenezaji wakaboresha ubanaji ndani ya draivu na kuanza kuhesabu 2.5 kwa moja, ndiyo maana 2.5 ikageuka 6.25. LTO-9 ya mwaka 2021 hubeba 18, boksi linasema 45. Katika kila kizazi, namba ndogo ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu utepe wake. Namba kubwa ni makisio yake kuhusu data yako, na data yako hajawahi kuiona.

Na ile 2.27? Usiku wa kwanza nilipoiona, nilisadiki kwamba tepu inaibiwa nafasi hata chini ya 2.5. Haikuwa hivyo. Watengenezaji wa tepu huhesabu terabaiti kwa kuzidisha elfu, lakini programu nyingi za nakala rudufu huhesabu kwa 1024 ingawa huandika herufi zilezile. Gawanya trilioni 2.5 kwa 1024 mara nne, utapata 2.27. Kwa hiyo tepu yangu ilijaa pale hasa ambapo tepu isiyobanwa hata kidogo hujaa. Hiyo yenyewe ni taarifa kubwa, na niliipuuza kwa wiki mbili.

Muda nao ulikuwa unasema kitu kilekile. Draivu ya LTO-6 huandika kwenye utepe kwa kasi ya megabaiti 160 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, terabaiti 2.5 huisha kwa saa nne na dakika ishirini hivi. Tulianza saa nne usiku, tepu ikajaa saa nane na dakika ishirini. Draivu haikuwa mgonjwa wala haikuchoka. Ilikuwa inaandika kwa kasi yake yote, baiti kwa baiti, bila kupata mahali pa kubana.

Hapa inafaa tuione kazi ya kubana kwa karibu, kwa sababu ukishaiona, nusu ya maswali hujijibu. Chukua methali tunayoijua wote, iandike kwa herufi ndogo: haba na haba hujaza kibaba. Draivu inasoma "haba", inaiandika. Inasoma " na ", inaiandika. Ikifika kwenye "haba" ya pili, inagundua kwamba herufi hizo imeshazipitia. Badala ya kuziandika upya, inaandika alama fupi yenye maana ya "rudi nyuma nafasi nane, chukua herufi nne". Ikifika kwenye "kibaba", "ba" ya mwisho inajirudia na inaweza kuonyeshwa nyuma vivyo hivyo, ingawa kipande kifupi namna hiyo hakileti faida. Njia hii waliieleza Jacob Ziv na Abraham Lempel mwaka 1977, na ubanaji wa draivu za LTO umejengwa juu yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni jinsi draivu inavyoweza kukumbuka mambo machache. Katika vizazi vya mwanzo vya LTO, dirisha la kumbukumbu ambalo draivu huangalia nyuma lilikuwa baiti 1024 tu, yaani kama nusu ukurasa wa maandishi. Dirisha hilo lilipanuliwa kwenye LTO-6, na ndiko uwiano mpya wa 2.5 ulikotoka. Hata hivyo bado ni dogo sana ukililinganisha na faili za leo. Ndiyo maana mtu akiniambia "data yetu imejaa faili zinazofanana, mbona haibaniki?" huwa namjibu kwamba draivu haiwezi kuziona. Ukiandika faili moja la megabaiti tano mara kumi mfululizo, nakala ya pili ikianza, mwanzo wa nakala ya kwanza umeshasahaulika zamani. Kuondoa nakala zinazorudiwa ni kazi ya programu inayokaa juu ya diski kabla data haijafika kwenye tepu. Kuitegemea draivu kwa kazi hiyo ni kumwonea.

Kutokana na hayo unaweza kujua mapema data ipi itabanika na ipi itagoma. Maandishi matupu, logi za seva (kumbukumbu za matukio yake), majedwali ya hifadhidata yenye safu zilizojaa sifuri na nafasi tupu, msimbo wa programu: hivi hubanika vizuri sana. Picha za JPEG, muziki wa MP3, video karibu zote na faili za ZIP zimeshabanwa na waliozitengeneza, na draivu yako haikuti kitu kikubwa cha kubana tena. Hata nyaraka za ofisi za siku hizi, zile zenye viambishi vya docx na xlsx, ndani yake ni ZIP. Mtu anaona folda ya barua na ripoti akadhani ni maandishi, kumbe draivu inaona mfuko uliokwisha kufungwa na kukazwa.

Sasa kupima. Draivu ya tepu huweka daftari lake ndani, na daftari hilo ndilo la kusoma kabla ya kupiga simu kwa mtu yeyote. Kwenye Linux programu ya sg_logs huweza kulisoma. Ukurasa unaohusu ubanaji ni namba 0x1B kwenye draivu za karibuni na 0x32 kwenye za zamani. Ndani yake kuna mambo mawili unayoyahitaji: kiasi cha data ambacho seva imekabidhi kwa draivu, na kiasi ambacho draivu imeandika kwenye utepe. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, huo ndio uwiano wako. Draivu yenyewe huwa imeshakugawia na kuandika jibu mara mia, kwa hiyo 200 maana yake mbili kwa moja. Soma kabla ya kutoa katriji, kwa sababu draivu nyingi huanza hesabu upya katriji mpya ikiingia.

Usiku ule nilimwambia kijana asitoe katriji. Nikaingia kwa mbali, nikafungua ukurasa ule. Mbele ya mstari wa uwiano wa kuandika palikuwa na namba 100. Haikuwa 104 wala 98. Mia kamili.

Mia kamili ina maana mojawapo kati ya mbili. Ama ubanaji umezimwa, ama data inayoingia haina hata chembe ya kujirudia. Namba hiyo peke yake haikuambii ni ipi, na hapo ndipo watu wengi hubahatisha. Hakuna haja ya kubahatisha, kwa sababu kuna jaribio la dakika kumi linalotenganisha mambo haya mawili.

Weka katriji isiyo na data ya maana. Nasisitiza, isiyo na data ya maana, kwa sababu jaribio hili hufuta kilichomo. Kwa kutumia dd, amri ya Linux ya kunakili data, iandikie draivu gigabaiti 20 za sifuri tupu kutoka /dev/zero, ukitumia bloku, yaani vipande vya kuandika kwa mkupuo, za kilobaiti 256. Sifuri hubanika kuliko kitu chochote duniani. Ikiwa ubanaji unafanya kazi, uwiano kwenye daftari utaruka mbali juu ya kile kilichochapwa kwenye boksi. Kisha tengeneza faili la gigabaiti 20 za namba za bahati nasibu kutoka /dev/urandom, liweke kwanza kwenye diski yenye kasi, halafu liandike kwenye tepu. Litasimama kwenye 100 au karibu na hapo. Ukipata matokeo haya mawili, draivu yako ni nzima na inabana. Ukipata 100 kwenye sifuri, ubanaji umezimwa mahali fulani, tafuta swichi.

Swichi yenyewe inaweza kuwa sehemu kadhaa. Kwenye Linux, amri ya mt yenye neno compression na tarakimu 1 huiwasha kwa draivu iliyoko /dev/nst0. Programu kubwa za nakala rudufu mara nyingi huizima zenyewe ukichagua zibane data kwenye seva, na hazikuambii. Draivu za zamani za DDS, aina nyingine ya tepu, zilikuwa na vijiswichi vidogo tumboni vilivyoamua jambo hilo, na mtu aliyeinunua mtumba angeweza kuhangaika mwezi mzima na programu kumbe kijiswichi kimekaa upande usiotakiwa. Ukiwa na draivu ya namna hiyo, itoe, igeuze, soma karatasi yake.

Na kama programu inabana kwenye seva na draivu nayo inabana? Kwenye LTO hakuna hasara kubwa. Draivu ikiona kipande hakibaniki, hubadili mtindo na kukipitisha kilivyo, kwa hiyo ongezeko la ukubwa ni dogo mno. Draivu za aina za zamani, kabla ya LTO, hazikuwa na akili hiyo zote, na data iliyobanwa mara mbili iliweza kufura. Mimi huchagua sehemu moja tu ya kubana, na kwa kawaida huwa draivu, kwa sababu inafanya kazi hiyo bila kuichosha seva.

Kwangu sifuri zilitoa uwiano mkubwa ajabu. Draivu ilikuwa nzima. Nilikaa nikiitazama ile namba kwa muda mrefu, nikikumbuka barua iliyokuwa mezani.

Basi tatizo lilikuwa data. Lakini miezi sita kabla, data ileile, terabaiti 3.4, ilikuwa inaingia kwenye katriji moja na kubakiza nafasi. Logi ya zamani niliyoihifadhi ilionyesha uwiano wa 1.52. Data haiwezi kutoka 1.52 hadi 1.00 kwa sababu watu wameongeza picha chache. Ili ufike mia kamili, lazima kila kitu, hata logi za seva na majedwali ya hifadhidata, kiwe kimeacha kujirudia.

Programu yetu huandika kwanza kwenye diski, kisha kutoka diski kwenda tepu. Nikachukua faili moja la gigabaiti 10 kutoka kwenye hiyo diski, faili nililojua kwamba ndani yake mna logi na maandishi matupu, nikalipitisha kwenye gzip, programu ya kubana faili. Gzip ni kipimo kizuri kwa sababu dirisha lake ni kilobaiti 32. Kitu kikiishinda gzip, usitarajie draivu ikiweze. Nilitegemea faili litoke robo ya ukubwa wake. Lilitoka kubwa kidogo kuliko lilivyoingia.

Maandishi matupu hayafanyi hivyo. Vitu viwili hugeuza maandishi matupu yakaonekana kama namba za bahati nasibu: kubanwa kabla, au usimbaji fiche, yaani kuifunga data kwa ufunguo ili asiye nao asiisome. Nikafungua mipangilio ya programu, nikakuta kisanduku cha kusimba data kimetiwa alama. Logi ya mabadiliko ilionyesha kimetiwa wiki mbili na siku moja nyuma, siku ileile tulipopokea maagizo kwamba nakala zote zinazotoka jengoni lazima zisimbwe. Aliyekitia alama alifanya kazi yake sawasawa. Maagizo yalikuwa ya haki kabisa, maana katriji ikipotea njiani ni lazima aliyeiokota asiweze kuisoma. Kilichokosewa ni mpangilio wa kazi. Data ilikuwa inasimbwa kwenye seva, halafu draivu inaombwa ibane kitu ambacho usimbaji umekwisha kukifutia kila dalili ya kujirudia. Usimbaji ulio imara lazima uwe hivyo. Ungeacha kujirudia kuonekane, ungekuwa dhaifu.

Dawa yake ipo tangu LTO-4 ya mwaka 2007. Draivu zenyewe zinaweza kusimba kwa njia ya AES yenye ufunguo wa biti 256, na zimeundwa zibane kwanza, zisimbe baadaye. Programu inaikabidhi draivu ufunguo, draivu inapokea data ikiwa wazi, inaibana, inaisimba, inaiandika. Usalama wa katriji ni uleule na nafasi yako inarudi. Ila uwe makini na njia kati ya seva na draivu, kwa sababu data hupita hapo ikiwa wazi. Kama njia hiyo ni mtandao unaotumiwa na wengine, huenda ukalazimika kubaki na usimbaji wa kwenye seva. Hapo basi wacha programu ibane kabla ya kusimba, wala usiitegemee draivu. Na ufunguo. Ufunguo usikae kwenye seva ambayo nakala yake iko ndani ya tepu hiyohiyo. Nimewahi kuona mpango wa aina hiyo ukipitishwa na watu watano bila yeyote kuuliza siku seva ikiungua tutafungua kwa kutumia nini.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kulikuwa na katriji moja iliyonikatalia.

Katika zile siku tano, katriji nne zilijaa kwenye 2.27. Moja iliyobaki ilijaa kwenye 1.98. Mwanzoni niliziweka fungu moja, nikasema zote hazibani. Kumbe huo ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa. Kwenye katriji ile nayo uwiano ulisoma 100, sawa na wenzake, na ilijaa kwa muda uleule wa saa nne na ushee. Utepe ulikwenda wote, kwa kasi ileile, lakini data iliyokaa juu yake ilipungua kwa zaidi ya asilimia 12. Ubanaji hauwezi kueleza hilo. Uwiano ukiwa mmoja kwa moja, terabaiti 2.5 lazima ziingie. Zisipoingia, utepe umetumika kwa jambo jingine.

Jambo hilo ni kuandika upya. Kichwa cha draivu ya LTO kina sehemu ya kuandika, na mara baada yake kuna sehemu ya kusoma inayokagua papo hapo kile kilichoandikwa. Ikikuta kipande kimeharibika, draivu hairudi nyuma kukisahihisha. Inakiandika tena mbele, juu ya utepe ambao ungebeba data nyingine. Kipande kibovu kinaachwa pale kama shimo. Mashimo machache ni ya kawaida katika kila katriji na nafasi yake imeshatengwa. Yakizidi, tepu inajaa mapema, na hakuna kosa lolote linaloonekana kwenye skrini ya programu, kwa sababu data yako imeandikwa salama. Imeandikwa kwa gharama ya utepe tu.

Kila katriji ya LTO ina kijichipu ndani ya kasha lake kinachoweka historia yake: imepakiwa mara ngapi, imeandikwa kiasi gani, makosa mangapi yalisahihishwa. Programu za uchunguzi zinazotolewa na watengenezaji wa draivu zinaweza kukisoma. Nilichofanya ni kulinganisha. Katriji ile niliiweka kwenye draivu yetu ya pili, ikaandika upya vilevile, kupita kiasi. Katriji nyingine nikaiweka kwenye draivu ya kwanza, ikaenda safi. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa katriji. Ingekuwa katriji zote zinaandika upya kwenye draivu moja na kutulia kwenye nyingine, mgonjwa angekuwa kichwa cha draivu, na hapo ndipo katriji ya kusafishia ina kazi. Draivu yenyewe huomba kusafishwa kwa kuinua bendera ya 20 kati ya bendera zake za tahadhari. Yetu haikuwahi kuiinua, na sisi tuliisafisha mara tatu.

Mambo mengine niseme kwa kifupi. Angalia herufi mbili za mwisho za lebo ya mistari: L6 ni LTO-6, L5 ni LTO-5, na draivu ya LTO-6 huandika kwenye katriji za L5 bila kunung'unika, kisha inajaa kwenye 1.5 na mtu analaumu ubanaji. Bloku ndogo, kama zile za kilobaiti 10 ambazo programu ya tar hutumia usipoiambia vingine, huumiza zaidi kasi kuliko nafasi.

Kasi nayo inastahili maneno zaidi kidogo, kwa sababu huchanganywa na ubanaji. Draivu ikibana vizuri kwa mbili kwa moja, inakula data mara mbili ya kasi yake ya utepe. LTO-6 itataka megabaiti 320 kwa sekunde. Diski zako zikishindwa kuilisha, draivu hupunguza mwendo, na ikiishiwa kabisa husimama, hurudisha utepe nyuma, na kuanza tena. Ukisimama karibu nayo unasikia: mvumo mmoja, kimya, mrindimo mfupi wa kurudi, mvumo tena. Draivu inayolishwa sawasawa huvuma mfululizo kama feni. Ule mwendo wa kusita huchosha utepe na kichwa, na watu huona kazi imekuwa ndefu wakasema draivu haibani. Daftari la ndani litakuambia uwiano ni mzuri tu. Kinachohitaji kutibiwa hapo ni diski za kulishia.

Turudi kwenye kazi yetu. Niliuhamishia usimbaji kwenye draivu, nikaendesha kazi nzima upya, nikatarajia 1.52 irudi. Ilikuja 139, yaani 1.39. Terabaiti 4.1 kwa uwiano huo zinahitaji utepe wa terabaiti 2.95 hivi, na mimi ninao wa 2.5. Bado haitoshi.

Safari hii sikumlaumu mtu. Nilipasua hesabu. Data inayobanika ilikuwa palepale, terabaiti 2.6, na ilibanika kwa 1.8. Kilichokua ni video na picha, kutoka 0.8 hadi 1.5, na hizo hazibaniki. Hesabu ya uwiano wa mchanganyiko hudanganya jicho. Ukichanganya terabaiti moja isiyobanika na terabaiti moja inayobanika kwa tatu, mtu husema wastani ni mbili. Siyo. Ya kwanza inachukua utepe wa 1, ya pili inachukua theluthi, jumla 1.33 kwa terabaiti mbili za data, na uwiano wake ni 1.5. Data isiyobanika huvuta chini kwa nguvu kuliko ile inayobanika inavyoinua. Kila folda ya video inayoongezwa inakula nafasi yake yote, haipunguziwi hata baiti.

Tukagawa kazi. Video na picha zina katriji yao, tunaipangia kwa namba ndogo ya ubavuni na hatutarajii zaidi. Kila kitu kingine kina katriji nyingine, na hiyo hutumia terabaiti 1.44 za utepe, ikabaki zaidi ya moja ya kukulia. Kila asubuhi kijana wa zamu anasoma daftari la draivu kabla ya kutoa katriji na kuandika namba tatu kwenye jedwali: zilizopokelewa, zilizoandikwa, zilizoandikwa upya. Wiki ya kwanza alinipigia mara moja tu, mchana, kuniuliza kwa nini katriji ya video imesoma 101 wakati jana ilisoma 100. Nilifurahi sana kuulizwa swali hilo.

Kabla ya kuiamini ile njia mpya ya kusimba, tulirudisha folda moja kutoka kwenye tepu kwa kutumia draivu ya pili, ambayo haikuandika hiyo katriji, na ufunguo tuliouchukua kwenye sefu badala ya ule wa kwenye seva. Faili 41,306. Tukalinganisha alama za utambulisho za kila moja na za asili. Zote zilifanana.

Ile katriji ya 1.98 nimeiandikia kwa kalamu nyekundu kwenye nafasi ya lebo, tarehe na maneno "utepe mbovu", na nimeitoa kwenye rafu. Barua ya kuomba draivu nimeichana.